Chumba cha Watu Wawili: Kufungua na Kulinda Kazi ya Tiba ya Mazungumzo Uganda

Ukifanya kazi hospitalini au katika shirika, kuna mkuu wa idara, kuna jalada linalopita mikononi mwa wengine, kuna muuguzi anayeona sura yako ukitoka kwenye kikao kizito. Ukifungua chumba chako mwenyewe, mlango ukishafungwa mnabaki wawili, na mmoja wenu amekuja akiwa ameelemewa. Sehemu kubwa ya yanayoharibika katika kazi binafsi, iwe fedha, siri, uchovu au mipaka na wateja, huanzia hapo: hakuna anayekuona. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini ipime kwa swali moja: nani ataona nikikosea?

Kabla ya kukodi chumba

Shahada ya kwanza ya saikolojia haitoshi kukaa peke yako na mtu mwenye kiwewe (jeraha la moyo lililoachwa na tukio la kutisha) au mawazo ya kufa. Kiwango cha busara ni shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri au saikolojia tiba (Makerere ina Skuli ya Saikolojia, na vyuo vingine kadhaa nchini vinafundisha ushauri nasaha), kisha angalau miaka miwili ya kazi chini ya usimamizi, yaani mtaalamu mzoefu anayesikia kesi zako na kukuongoza, mahali penye wagonjwa wa kila aina. Mafunzo ya vitendo katika hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, au katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mbarara, Gulu, Arua au Mbale, yatakufundisha jambo ambalo darasa halifundishi: kumtambua mapema mtu anayehitaji dawa na kitanda, siyo mazungumzo.

Jua pia unaingia katika historia gani. Waganda wengi walikutana na ushauri nasaha kwa mara ya kwanza kupitia UKIMWI: TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na ugonjwa huo, ilianzishwa 1987, na AIDS Information Centre ikaanza kazi ya ushauri na upimaji wa hiari 1990. Urithi huo ni wa heshima, lakini una gharama yake. Mtu akionekana akiingia kwa “kaunsela”, jirani anaweza kudhani amepimwa akakutwa na virusi. Tena neno lenyewe linagongana na “councillor” wa Kiingereza, yaani diwani. Kibao cha mlangoni kiandike jina la ofisi tu, bila “akili”, bila “ushauri”.

Chagua mbinu zilizojaribiwa kwa watu wa hapa. Tiba ya mahusiano kwa vikundi, inayotibu sonona (huzuni nzito ya kiugonjwa) kwa kuzungumzia mahusiano ya mtu na wenzake, ilipimwa vijijini Masaka na Rakai, na matokeo yakachapishwa 2003: vikundi vya jinsia moja, kikao cha dakika 90 kila wiki, wiki 16, na vinaongozwa na watu wa eneo hilo waliopewa mafunzo. Tiba ya kusimulia kiwewe ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali. Ukizijua hizi mbili vizuri una kitu cha kumpa mteja asiyeweza kulipa kila wiki kwa mwaka mzima.

Usajili, na kosa la kodi linalorudiwa

Sajili jina la biashara au kampuni URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara. Sheria ya makampuni ya 2012 inaruhusu kampuni ya mwanahisa mmoja. Chukua TIN (namba ya mlipakodi) kutoka URA, mamlaka ya mapato, kisha leseni ya biashara kutoka KCCA, mamlaka ya jiji, ikiwa upo Kampala, au kutoka manispaa, halmashauri ya mji au kata ndogo ulipo. Jiunge na Uganda Counselling Association, chama cha washauri nasaha. Kama wewe ni daktari, muuguzi au ofisa wa afya shirikishi, baraza la taaluma yako lina masharti yake, na cheti cha chama cha washauri hakiyafuti. Ukiwa na shaka kama chumba chako kinahesabiwa kuwa kituo cha afya, liandikie baraza barua na uweke jibu kwenye faili. Jibu la simu halitakusaidia mkaguzi akija.

Kuhusu kodi, rafiki mwenye duka atakwambia ulipe ile kodi ndogo ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo. Usimfuate. Sheria ya kodi ya mapato imeziondoa huduma za kitaalamu kwenye mpango huo, hata mapato yako yakiwa madogo. Unatakiwa kuweka vitabu vya mapato na matumizi, kutoa makadirio na kulipa kwa awamu nne ndani ya mwaka wa fedha unaoisha 30 Juni, kisha kuwasilisha ritani ya mwisho kabla ya 31 Desemba. Shirika likikulipa zaidi ya shilingi milioni moja, na likiwa wakala wa URA wa kukata kodi, litakata 6% ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla fedha hazijakufikia. Dai cheti cha makato hayo siku hiyohiyo, maana ndicho kinachopunguza kodi yako ya mwisho. Wengi hukisahau, halafu wanalipa mara mbili.

Kwa kuwa unaandika habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu: jisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi na uuhuishe usajili unapoisha. Ukiajiri hata mtu mmoja wa mapokezi, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuhusu pia tangu marekebisho ya 2022: 10% kutoka kwako, 5% kutoka kwenye mshahara wake.

Bei: fanya hesabu kabla ya kuona haya

Washauri wengi hutaja bei kwa kuangalia uso wa mteja. Hapo ndipo ofisi inapoanza kufa. Kaa chini ufanye hesabu yako. Tarakimu hizi ni za mfano tu, badilisha na zako.

Chumba cha kukodi siku tatu kwa wiki, 600,000 kwa mwezi: 7,200,000 kwa mwaka. Msimamizi mara mbili kwa mwezi, 100,000 kila mara: 2,400,000. Umeme, intaneti na muda wa simu 200,000 kwa mwezi: 2,400,000. Leseni, ada za chama na mafunzo: 1,500,000. Ukarabati na vifaa: 1,000,000. Jumla 14,500,000 kabla hujala.

Sasa vikao. Mwaka una wiki 52, lakini ondoa likizo, Krismasi, Idi, misiba na malaria: zinabaki 44. Ukiandikisha vikao 15 kwa wiki, tarajia 12 kufanyika. Hiyo ni 528 kwa mwaka. Gharama peke yake ni takriban 27,500 kwa kila kikao. Ukitaka kubaki na 2,500,000 kwa mwezi kabla ya kodi, unahitaji 44,500,000 kwa mwaka, yaani kama 84,300 kwa kikao. Robo ya wateja wakilipa nusu bei, wastani wako unashuka hadi 87.5% ya bei kamili, kwa hiyo bei kamili lazima iwe karibu 96,300. Taja 100,000. Na kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, kodi ya mapato ya 30,000,000 ilikuwa 7,824,000, hivyo mkononi inabaki kama 1,848,000 kwa mwezi. Tarakimu hiyo ndiyo inayofundisha usiache ajira kwa pupa: anza na siku moja au mbili za chumba cha kukodi huku mshahara ukiendelea, hadi vikao vifike kumi kwa wiki kwa miezi sita mfululizo.

Nafasi za nusu bei ziwe na idadi, tuseme nne, na ziandikwe. Zikijaa, mpe mtu kikundi: watu wanane kwa 20,000 kila mmoja ni 160,000 kwa dakika 90, na wao wanapata tiba iliyothibitishwa. Huruma isiyo na idadi huishia kwenye kinyongo, na mteja hukisikia kinyongo hata usiposema neno.

Malipo yafanyike kabla ya kikao, kwa namba ya biashara ya pesa ya simu, siyo namba yako ya nyumbani. Ujumbe wa malipo hubeba jina la mteja, na simu ya nyumbani hushikwa na watoto.

Chumba

Kabla ya kulipa kodi ya pango, washa redio ndani kwa sauti ya mazungumzo, funga mlango, kisha simama koridoni na katika chumba cha jirani. Ukisikia maneno, usichukue. Ukisikia mvumo tu, inatosha. Rudi siku ya mvua: chini ya mabati yasiyo na dari, mvua ya Kampala itawafanya mpige kelele kuhusu mambo ambayo mtu amechukua miezi mitatu kuthubutu kuyanong'ona.

Viti viwili vya urefu sawa, vikae kwa pembe badala ya kutazamana uso kwa uso. Kiti cha mteja kiwe na njia wazi kuelekea mlangoni, na chako pia kisizibwe. Saa iwekwe mahali mnapoiona nyote. Maji, karatasi laini, taa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika. Hakuna kitanda, hakuna picha za familia yako.

Tatizo ambalo vitabu vya nje hulisahau ni daftari la askari getini. Katika majengo mengi kila mgeni huandika jina, namba ya simu, anakokwenda na sababu. Mtu mmoja akilifunua daftari hilo anasoma orodha yote ya wateja wako. Zungumza na mwenye jengo kabla ya kusaini mkataba: wateja wako waandike namba ya chumba tu, au wasiandike kabisa. Akikataa, tafuta jengo jingine.

Acha dakika 25 kati ya kikao na kikao: kumi za kuandika, kumi na tano ili anayetoka asikutane na anayeingia. Kikao ni dakika 50. Vikao vitano kwa siku ndicho kikomo. Cha sita utakuwa unaitikia tu kwa kichwa.

Kikao cha kwanza na karatasi yake

Mkataba wa ridhaa usizidi kurasa mbili, na usomwe kwa sauti katika lugha ya mteja. Uwe na bei, urefu wa kikao, namna ya kufuta miadi (saa 24 kabla, baada ya hapo nusu bei), kwamba una msimamizi anayesikia kesi bila majina, faili inakaa wapi, na lini siri itavunjwa. Sababu za kuvunja siri ni chache, zitaje wazi: maisha ya mteja au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, na amri ya mahakama. Kwa mtoto, ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya na polisi ndio mlango, na simu ya bure ya Sauti ni 116. Foleni ya magari haihesabiwi kuwa udhuru wa kuongeza muda. Mteja akichelewa dakika 20 anapata 30, na hili nalo liwe kwenye karatasi, la sivyo utaligombania kila Ijumaa.

Mteja wa Uganda mara chache atasema “nina sonona”. Waganda husema mawazo ni mengi, ebirowoozo kwa Kiganda, na utafiti uliofanywa kusini-magharibi ulikuta maneno ya Kiganda yokwekyawa na okwekubagiza, kujichukia na kujihurumia, yakikaribia kile madaktari wanachokiita sonona. Mkongomani wa mitaa ya Katwe au Nsambya, Kampala, atakwambia kichwa kinawaka, roho haitulii. Andika maneno yake kama alivyoyasema, halafu ndipo upime. Dodoso la PHQ-9 lina maswali tisa na alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 chunguza zaidi. Swali la tisa, la kutaka kufa au kujidhuru, lisomwe wewe ukiwepo. Usimpe mtu fomu hiyo mapokezi ukaja kuiona jioni.

Jibu lolote lisilo sifuri hapo linahitaji maswali ya moja kwa moja: una mpango, una kitu cha kutumia, lini. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kisha, kabla hajatoka: sumu ya shambani na dawa zitoke nyumbani kwake, mtu mmoja anayemwamini aitwe kwa ridhaa yake na akae naye, kikao kingine kiwe ndani ya siku mbili. Kama mpango uko tayari na hakuna wa kukaa naye, mpeleke hospitali wewe mwenyewe. Kumbuka kwamba Sheria ya Jinai ya Uganda imeliweka jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo njia ni hospitali kwanza, na maelezo yako yaandikwe kwa lugha ya kitabibu: dalili, hatari, hatua zilizochukuliwa. Jalada lako lisisomeke kama hati ya mashtaka.

Neno kuhusu Kiswahili chenyewe. Kinakufungulia mlango wa Wakongomani, wa wafanyabiashara wa mipakani, wa askari polisi na wanajeshi. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin na miaka iliyofuata. Aliyepigwa kwa amri za Kiswahili anaweza kukakamaa ukimsalimia tu. Uliza kabla: tuongee lugha gani? Ukihitaji mkalimani, asiwe ndugu, asiwe mtoto, na kwa mkimbizi asiwe wa mtaa mmoja naye. Mkalimani aseme “mimi” pale mteja anaposema “mimi”, akae pembeni kidogo nyuma yenu, na mpe dakika kumi baada ya kikao, maana yeye pia ameyasikia.

Faili

Daftari moja lina majina na namba ya faili ya kila mteja. Faili zina namba tu. Viwili hivyo visikae kwenye kabati moja. Maelezo ya kikao yawe mistari sita hadi kumi: lililoletwa, hatari, ulichofanya, mliyokubaliana. Hisia zako na dhana zako ni za kupeleka kwa msimamizi. WhatsApp itumike kupanga saa, si zaidi. Mteja akikutumia ujumbe mrefu usiku, mjibu kwa sentensi moja kwamba mtauzungumza kwenye kikao, isipokuwa ukiwa na dalili ya hatari. Simu ya kazi iwe yake peke yake, yenye nywila, na bila nakala ya picha kujihifadhi mtandaoni.

Msimamizi

Chama cha washauri cha Uingereza, BACP, kinadai angalau saa moja na nusu ya usimamizi kwa mwezi kwa mwanachama anayefanya kazi. Kwa miaka miwili ya kwanza peke yako, ongeza: saa moja kila wiki mbili. Msimamizi asiwe mwajiri wako, asiwe mwenzi wako, asiwe mchungaji wako, na umlipe. Usimamizi wa bure huahirishwa.

Kinachoharibu usimamizi ni kupeleka kesi zinazokupendeza. Kila mara peleka moja ambayo ungependa isijadiliwe: mteja unayemwongezea dakika, anayekuletea matoke na mayai, ambaye bei yake umeishusha bila kuandika, ambaye unatumaini hatakuja. Zawadi ya chakula kutoka kijijini si kosa yenyewe. Ipokee mara moja kwa heshima, iandike, na uizungumze. Inayojirudia ina maana, na maana hiyo ni sehemu ya tiba.

Ongeza kikundi cha wenzako wanne kinachokutana kila mwezi. Uganda hii si kubwa kiasi cha kuficha mgongano wa maslahi: utapata mteja ambaye mumewe anatibiwa na jirani yako wa taaluma. Kikundi ndicho kinachogundua mapema, bila kutaja majina.

Uongozi wa taaluma

Baada ya miaka mitano au zaidi utaombwa kuongoza: kamati ya chama, mafunzo, usimamizi wa vijana. Kubali kidogo kidogo, na anza na uandishi wa kumbukumbu za mikutano badala ya uenyekiti. Anayeandika kumbukumbu hujifunza jinsi maamuzi yanavyopotea kati ya mkutano mmoja na mwingine. Siku moja kwa wiki itoshe. Ukizidi hapo vikao vyako hupungua, na kiongozi anayetegemea posho za warsha ili kulipa pango ataanza kuitisha warsha zisizohitajika.

Kazi ngumu ni malalamiko. Yapokelewe kwa maandishi, au mlalamikaji asaidiwe kuandika katika lugha yake. Athibitishiwe ndani ya siku saba kwamba yamefika. Watu watatu wayasikilize, mmoja wao asiwe wa taaluma. Yeyote aliyemsimamia, aliyemfundisha au aliyepelekewa wateja na mlalamikiwa atoke chumbani kabla jalada halijafunguliwa, na kutoka huko kuandikwe. Kamati nyingi hukwama hapa, kwa kuwa wote walisoma pamoja na wanaoneana haya. Ikiwa ndani yake kuna jinai, kamati haichunguzi. Inapeleka polisi na kumsimamisha uanachama kwa muda.

Ukisimamia wengine, wasizidi watano. Usiwe msimamizi na mwenye nyumba wao kwa wakati mmoja, maana aliyekodi chumba kwako hatakwambia ukweli kuhusu mteja aliyemkosea.

Na andika wosia wa kazi. Chagua mwenzako mmoja, na wa pili wa akiba. Katika bahasha iliyofungwa weka: kabati la faili liko wapi na ufunguo uko kwa nani, nywila ya simu ya kazi, lilipo daftari la majina, maneno ya kuwaambia wateja ukifariki au ukilazwa (mafupi, bila ugonjwa wako), majina ya wataalamu watatu wa kuwapokea, na nani anawapigia simu kwanza, yaani walio katika hatari. Familia yako ijue bahasha ipo na iko kwa nani, lakini isiifungue. Ipitie kila Januari na kila Julai, siku ileile unayobadilisha nywila.